Hatua Sabini za Uluguru

Muulize mkulima yeyote wa Morogoro, awe wa mabonde ya mpunga ya Dakawa au wa matuta ya kabichi ya Mgeta, ekari moja ni kiasi gani, naye atakujibu pasipo kusita kwamba ni hatua sabini kwa hatua sabini. Na ukimwuliza robo yake, atasema thelathini na tano kwa thelathini na tano, jawabu ambalo mgeni asiyezoea hesabu hulitilia shaka, kwa kuwa akili yake humwambia kwamba nusu ya sabini haina budi kuzaa nusu ya ekari, ilhali shamba ukilikata katikati kwa marefu, kisha ukalikata tena kwa mapana, hupati vipande viwili bali vinne. Kaida hii watu hurithishana kwa mdomo na kwa miguu, na aghalabu yule anayeitumia kila msimu hajapata kujiuliza ilitoka wapi.

Ukiichunguza kwa kalamu utakuta imejengwa juu ya msingi thabiti. Ekari ni kipimo walichokuja nacho Waingereza, na kwao wenyewe asili yake ni kazi ya maksai, yaani kipande cha ardhi ambacho jozi ya wanyama iliweza kukilima kwa siku moja, kirefu na chembamba ili plau isigeuzwe mara nyingi, ambacho baadaye kilifungwa katika hesabu ya yadi 22 kwa yadi 220, jumla yake yadi za mraba 4,840. Zidisha sabini kwa sabini, upate 4,900, na ziada hiyo ya yadi sitini haifiki hata sehemu mbili katika mia. Aliyeibuni kaida hii hakuacha jina lake, walakini alikuwa mjuzi wa hesabu, na alijua kwamba mtu wa shamba hatembei na mnyororo wa mpima ardhi begani. Shuruti aliyoiweka ni moja tu, nayo ndiyo iliyoleta mashaka yote yaliyofuata: kila hatua sharti iwe yadi kamili, karibu sentimita 91, na mwendo huo si wa mtu anayetembea kwa raha zake bali wa mtu aliyejikaza kusudi.

Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Sabini zake ni mita 52 na nusu, na mraba wa mita hizo ni mita za mraba 2,750 hivi, ambazo ni kama theluthi mbili tu ya ekari ya kitabuni yenye mita za mraba 4,047. Upande wa pili kuna vijana waliosoma, ambao wameisikia kaida ya sabini kwa sabini wakaihamishia kwenye mita, wakaja shambani na futikamba, wakavuta mita 70 huku na mita 70 kule, wakapata mita za mraba 4,900, yaani ekari moja na zaidi ya sehemu ya tano. Kwa hiyo katika wilaya moja, kwa neno lile lile, wanaishi watu wenye ekari tatu zisizofanana, na iliyo kubwa inakaribia kuwa maradufu ya iliyo ndogo, nao hununua, hukodisha na hushitakiana kana kwamba wote wanasema jambo moja.

Niliwahi kushuhudia upimaji wa shamba la kukodi upande wa Nyandira, huko Mgeta. Mwenye shamba, mama wa makamo, alimtanguliza mwanawe, kijana mfupi mwenye mwendo wa taratibu, ilhali mpangaji alikuwa amekuja na mjomba wake, mzee mrefu ambaye kila alipoinua mguu ungedhani anavuka mto. Mzee alipofika hatua ya kumi yule mama akapaza sauti, "Mjomba, hapo unapima au unakimbia mvua?" Naye akajibu bila kugeuka, "Mama, mguu wenyewe ndio huu alionijalia Mungu." Kicheko kikatoka, lakini bei haikupatikana mpaka walipokubaliana kwamba marefu ayapime mzee na mapana ayapime kijana, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikiandika, nilipozidisha baadaye nikaona kwamba hawakuwa wamekosea hata kidogo, maana tofauti ya miguu ile miwili waliigawana kwa haki.

Huko bondeni mambo hugeuka. Mwenye trekta hulipwa kwa ekari, kwa hiyo ni yeye sasa anayetaka hatua fupi ili ekari ziwe nyingi, na mkulima aliyekuwa na mguu mfupi wakati wa kukodisha hujikuta ana mguu mrefu wakati wa kulimiwa. Haya ni ya kuchekesha, walakini kuna hasara isiyochekesha. Bwana shamba humwambia mkulima kiasi cha mbegu na cha mbolea kwa ekari, na huyo bwana shamba ana ekari ya kitabuni kichwani. Mkulima akazimwaga zote katika ekari yake ya miguu, akawa ametumia mara moja na nusu ya kilichokusudiwa. Au amesikia kwamba shamba zuri la mahindi litoe magunia kumi kwa ekari, naye akavuna saba, akarudi nyumbani amenyong'onyea akidhani udongo umechoka, na kumbe magunia saba katika theluthi mbili za ekari ni sawasawa na kumi aliyoambiwa.

Wajerumani, waliotawala nchi hii hadi Vita Kuu ya Kwanza, walipima mashamba kwa hekta, Waingereza wakaleta ekari, na baada ya uhuru nchi ilipofuata vipimo vya mita hekta ikarudi tena katika karatasi za serikali, lakini haikurudi katika vinywa vya watu. Unguja na Pemba husema eka, na neno hilo huko lina uzito wa historia, kwa sababu baada ya Mapinduzi ya 1964 watu waligawiwa eka tatu tatu, mpaka eka tatu ikawa jina la shamba lenyewe. Kabla ya hapo thamani ya shamba la visiwani ilihesabiwa kwa mikarafuu na minazi iliyosimama juu yake, wala si kwa upana wa ardhi. Ama vipimo vya wazee wa pwani, shibiri mbili kuwa dhiraa, dhiraa mbili kuwa wari, dhiraa nne kuwa pima, vilikuwa vya urefu, vilivyofaa kwa nguo na mbao na kina cha maji. Kipimo cha pwani kilichoshika ardhi yenyewe ni ngwe, nacho kinastahili kusimuliwa kwa kituo.

Ngwe ni kamba, kisha ni kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba hiyo, kisha ni kazi aliyogawiwa mtu ailime ndani ya kipande hicho. Na mambo haya matatu hayatengani. Sasa tazama jinsi dunia ilivyo ndogo. Mkonge unaoonekana umepangwa safu kwa safu kandokando ya reli kutoka Ngerengere hadi Kimamba haukuota hapa kwa asili: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai sitini na miwili tu, na kutokana na hiyo likatokea zao lililokuja kuitajirisha Tanganyika. Nyumbani kwake mkonge ni Yucatán, nchini Mexico, na jina ambalo dunia huuita ni la bandari ya Sisal iliyoko huko. Wakulima wa Yucatán, ambao kwa vizazi wamesokota kamba kutokana na mimea ya jamii hiyo, hupima mashamba kwa kipimo kiitwacho "mecate", ambalo maana yake ni kamba: mita 20 kwa mita 20, ishirini na tano katika hekta moja. Kamba huko imekuwa shamba kama ilivyokuwa shamba hapa. Na katika Jamhuri ya Dominika kipimo cha ardhi huitwa "tarea", yaani kazi aliyopangiwa mtu, nacho ni mita za mraba 629 hivi, ambayo ndiyo ile maana ya tatu ya ngwe yetu.

Nchi zinazosema Kihispania zina hazina kubwa ya maneno ya namna hii, na wafasiri wanaoyahamishia katika Kiingereza wanataabika nayo kwa sababu ile ile inayotutaabisha sisi na ekari. "Fanega" ni neno la Kiarabu lenye maana ya gunia. Kwanza lilipima nafaka, kisha likapima shamba linalopandwa kwa nafaka hiyo, kama vile mkulima wetu anavyokwambia hadi leo kwamba ana shamba la kilo tano za mbegu akaona amekwisha jibu swali. Lakini gunia moja la mbegu hutandazwa sana katika ardhi kame na hubanwa katika ardhi ya kumwagilia, kwa hiyo fanega ya Castilla ni mita za mraba 6,440 na ndugu yake wa Valencia, "hanegada", penye mifereji iliyoachwa na Waarabu, ni 831 tu. Karibu na hapo, huko Murcia, kuna "tahúlla", mita za mraba 1,118, neno lililochipuka katika shina moja na hawala yetu. Na Granada kuna "marjal", mita 528, nalo Kiarabu pia. Msomaji wa pwani akiyasikia haya anaweza kuhisi amefika kwa jamaa.

Waliovuka bahari kwenda Amerika waliyachukua maneno wakayaacha makubaliano. "Caballería", ambayo ilikuwa fungu la ardhi alilopewa askari wa farasi, ni hekta 13 na ziada katika Cuba, 45 katika Guatemala, na zaidi ya 78 katika Puerto Rico. "Manzana" ya Nicaragua na majirani zake ni kama mita za mraba 7,000. "Cuerda" ya Puerto Rico, ambayo nayo ni kamba, ina mita 3,930, inakaribia mno ekari ya Kiingereza, na ukaribu huo ndio mtego wake, kwa sababu mfasiri mvivu huandika ekari na kuendelea na safari, kisha katika shamba la cuerda mia moja huwa amezua ekari tatu zisizokuwako duniani. Hispania ilitunga sheria ya kufuata mita tangu 1849, na hata hivyo hanegada bado inasemwa sokoni Valencia. Jambo ambalo sisi wa ekari na hekta hatuna haki ya kulishangaa.

Rai yangu ni kwamba wafasiri wanaolaumiwa kwa kukosea tarakimu wanalaumiwa kwa kosa dogo. Tarakimu hupatikana katika jedwali, na jedwali hununuliwa. Kosa kubwa ni kutouliza kilichohesabiwa ni nini: mguu, kamba, mbegu, siku ya kazi, au miti, kwa maana kila kimoja katika hivi kinamjibu mtu mwingine mwenye haja nyingine, na anayekihesabu hakuwa mjinga aliyeshindwa kuijua mita, bali alikuwa akihesabu kile kilichokuwa haba kwake. Mahali palipo na ardhi tele na watu wachache, siku ya kazi ndiyo kipimo. Palipo na mbegu chache, mbegu. Visiwani, ambako mali ni karafuu, ukipima ardhi na kuacha miti umepima sahani ukaacha chakula.

Sasa tupande mlimani, kwa kuwa Uluguru ina jambo ambalo Valencia iliyo tambarare haikuwa na haja ya kulifikiri. Safu hii inainuka ghafla nyuma ya mji wa Morogoro, kilele cha Lupanga kikipita mita 2,100 na Kimhandu, upande wa kusini, kikipita 2,600, na mashamba mengi ya Waluguru yamelazwa juu ya miteremko ambayo mtu wa tambarare angeihesabu kuwa ni ya mbuzi. Mpima ardhi, awe amefundishwa katika Chuo cha Ardhi kilichoko hapo hapo mjini au kwingineko, hapimi uso wa mteremko. Hupima kivuli chake, yaani eneo ambalo shamba lingeliziba kama lingetazamwa kutoka juu wima mbinguni, na simu za kisasa zinazopima kwa setilaiti hufanya vivyo hivyo. Juu ya mteremko wa nyuzi 30, mtu aliyepanda mita mia moja kwa miguu yake huandikiwa mita 87 ramanini. Wa nyuzi 40 huandikiwa 77. Mita zilizobaki hazikuibiwa, lakini ukimweleza aliyezipanda akiwa na tenga la samadi kichwani utahitaji maneno mengi.

Na tukitafakari kwa insafu, nani mkweli? Mvua huanguka wima, kwa hiyo shamba la mteremkoni hupokea maji ya kivuli chake tu, si ya uso wake wote. Katika hili ramani ina haki. Lakini jembe halilimi kivuli. Magugu huota juu ya uso mzima, na mgongo wa mwanamke anayepalilia hulipa kila hatua ya mteremko, pamoja na ile isiyoandikwa. Shamba moja basi lina ukubwa mmoja kwa mvua na mwingine kwa mpalizi, nazo ni hesabu mbili zilizo sahihi.

Mabishano ya namna hii yaliwahi kuzaa makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza, ikiogopa kwamba udongo wa Uluguru unateremka wote kuingia mto Ruvu, iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Afisa alihesabu matuta yaliyochimbwa. Mkulima alihesabu siku zake zilizopotea, na udongo wa juu wenye rutuba uliofukiwa chini huku ule mwekundu usiofaa ukiinuliwa juu, na pia ile ardhi iliyoliwa na kuta za matuta ambazo hazipandwi kitu. Mwezi Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, na mpango ukaachwa. Upande wa Mgeta matuta yalidumu, kwa kuwa huko kuna maji ya mifereji na mboga zinazolipa, na hesabu ya mkulima ilikubaliana na ya afisa.

Tena kuna ardhi ambayo kwa desturi haikupimwa kabisa. Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo ilisimamiwa na wakubwa wa ukoo huo. Mtu wa ukoo mwingine aliyeomba mahali pa kulima alitoa ngoto, zawadi ndogo ya kila msimu ambayo haikupanda wala kushuka kwa ukubwa wa shamba, kwa kuwa haikuwa bei ya ardhi bali ushahidi kwamba anamjua mwenyewe ni nani. Kwa sababu hiyo hiyo alikatazwa kupanda miti ya kudumu bila idhini, maana mti unaoishi miaka hamsini ni hati. Anayeifasiri ngoto kuwa kodi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, humfanya mkubwa wa ukoo kuwa mwenye nyumba wa Kariakoo, na hakimu atakayeisoma tafsiri hiyo atauliza kiwango kwa ekari kilikuwa shilingi ngapi, swali lisilo na jawabu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilileta hatimiliki ya kimila, na ardhi iliyotembewa kwa miguu ikaanza kuandikwa kwa hekta. Chukua mama aliye na shamba la hatua sabini kwa sabini juu ya mteremko wa nyuzi 30, hatua zake zikiwa zile za kawaida za sentimita 75. Maisha yake yote ameliita ekari moja, na mama yake kabla yake aliliita hivyo, na majirani wote wa mipakani wanashuhudia. Anaitwa ofisi ya kijiji, anapewa hati imeandikwa hekta 0.24, anamwuliza karani hizo ni ekari ngapi, na karani, akiwa mwaminifu kabisa, anazidisha kwa mbili na nusu na kumjibu kwamba ni sita katika kumi. Hakuna aliyehama mpaka, hakuna aliyekula rushwa, mpima hakukosea wala mama hakusema uwongo, na bado anatoka ofisini akiamini kwamba karibu nusu ya shamba lake imekwenda kwa mtu.

Karani huyo ni mfasiri, ingawa hakuajiriwa kwa jina hilo wala hakuna aliyemwambia. Lau angekuwa mwanafunzi wangu ningemtaka, kabla ya kutamka tarakimu, atembee naye hatua kumi nje ya ofisi na kuzipima kwa futikamba mbele yake, kisha ainamishe ubao dhidi ya ukuta ili amwonyeshe jinsi kivuli kinavyofupika. Na katika daftari la kijiji, pembeni ya hekta 0.24, aandike pia kwa mkono wake: hatua 70 kwa 70 za mwenye shamba, upande mmoja ukipanda mlima. Atakayelikodi msimu ujao, au atakayeliombea mkopo mjini mbele ya watu wasiolijua jembe, atahitaji kuzisoma zote mbili.